Anayepika Kasiksi Anywe Kwanza

Mwezi uliopita tumbo langu lilistaafu, na mimi nikalazimika kulifuata. Daktari wa Kitshanga alinibonyeza hapa na pale, akaniuliza nimefanya kazi gani maisha yangu yote. Nikamwambia nilikuwa naonja kasiksi, pombe ya ndizi. Akacheka, akaandika kitu, akanitazama tena.

"Papa, iyo haiko kazi. Iyo njo ugonjwa yenyewe."

Basi. Nyinyi waonjaji mnaobaki, mnaozunguka na vibuyu vyenu kutoka Burungu hadi Pinga, mmeniomba niwaachie maneno machache. Shule niliiacha kabla haijanizoea, kwa hiyo palipopinda mnyooshe wenyewe.

Kazi hii sikuitafuta. Nilikuwa nimeshabeba mizigo ya wachimbaji kule Walikale, nimeuza sabuni, nimeosha pikipiki, na nimetengeneza redio mpaka mwenye redio moja aliponiuliza kwa nini skurubu tatu zimebaki mezani na redio inaimba. Sikuweza kukaa mahali. Nikikiona kitu, nilitaka kujua kilivyo ndani, na nikishajua, miguu ilianza kuwasha. Nilifika Kitshanga hivyohivyo, nikaingia duka la Papa Kambale kununua chumvi. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa upande wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya asubuhi, mwenye misumari, mabati, na pikipiki mbili zilizopeleka kasiksi Pinga. Nilimuuliza kwa nini bidoni zake, yale madumu ya plastiki, zimezibwa kwa majani ya mgomba na si kwa vifuniko vyake. Nikamuuliza kwa nini moja inatoa povu na nyingine imenyamaza. Nikamuuliza mengine pia.

"Weye unauliza sana," akasema. "Enda ukaulize ile pombe. Miye sikunywake."

Kweli hakunywa kitu isipokuwa soda siku ya Noeli. Mtu anayeuza pombe bila kuinywa anahitaji ulimi wa kuazima. Nikawa ulimi wake.

Siku ya kwanza nilifika Burungu nimevaa shati safi. Mama Riziki alikuwa mkulima wa Kihunde, ambaye watu wake walilima maharage na muhogo kwenye vilima vile tangu zamani sana, na katikati ya mihogo alikuwa na migomba ya pombe. Alikuwa mwembamba, mrefu, na hakuharakisha neno. Alichota kasiksi kwa kibuyu kutoka kwenye mtumbwi wake, yaani lile gogo refu lililochongwa ambamo pombe hulala mpaka ichachuke. Akanywa yeye kwanza, funda moja, akameza nikimwona. Ndipo akanipa.

Mnaijua desturi hiyo, lakini naiandika kwa sababu kila kitu katika hadithi hii kinaning'inia hapo. Kwetu anayepika hunywa kwanza, au yule anayemimina kwa niaba yake. Ndiyo njia ya kumwambia mgeni kwamba hakuna kitu humu isipokuwa ndizi. Katika miaka ile ya vita, watu walipokuwa wamekimbia kutoka vilima vingi na kukaa pamoja bila kujuana, desturi hiyo ilikazwa kuliko wakati wowote. Risasi uliisikia ikija. Sumu haikupiga hodi.

Basi nilikipokea kibuyu, nikakimaliza chote, nikapangusa mdomo.

"Umeonja nini?" akauliza.

"Tamu, mama."

"Ata mbuzi yangu inajua kusema tamu. Kuja hapa. Weka sikio."

Nikapiga magoti na shati langu safi, nikaweka sikio juu ya majani yaliyofunika mtumbwi. Nikasikia. Pombe ilikuwa inanong'ona, kama mvua ndogo juu ya majani ya mgomba.

"Ikinyamaza, imekufa. Ikipiga kelele, muntu ameitia sukari na levire, ile hamira ya duka. Kisha pua. Kisha macho. Ulimi inakuja nyuma ya bote."

"Kwa nini nyuma?"

"Juu ulimi iko muntu wa kuhongwa. Unaipatia utamu kidogo, inatoa ushahidi ya uongo."

Nilirudi kwake wiki baada ya wiki, na hapo miguu yangu iliacha kuwasha kwa mara ya kwanza. Alinionyesha shimo la kuivishia ndizi na moto mdogo mdomoni mwake. Moshi ukizidi, pombe inanuka jikoni. Alinionyesha nyasi za kukamulia maji ya ndizi. Ukichukua nyasi mbichi mno, unakunywa malisho ya ng'ombe. Alinionyesha mtama wa kukaangwa na kusagwa, ule unaoamsha maji hayo yawe pombe. Mtama ukiungua, uchungu unakungojea nyuma ya koo, mahali ambapo wanunuzi wavivu hawafiki. Alikataa sukari, alikataa levire, alikataa hata bidoni iliyowahi kunusa petroli.

Siku moja kijana wa mradi fulani alikuja na koti la mvua lenye mifuko mingi, akauliza kama kasiksi hii ni bio.

"Bio njo nini?" Mama Riziki akauliza.

"Ndizi zisizopigwa dawa za kiwandani, mama. Wala mbolea ya kununua."

Mama Riziki alimtazama kwa huruma. "Mutoto wangu, nani hapa eko na pesa ya dawa?"

Kijana akaandika kwamba ni bio.

Vyombo vyangu havikuwa vingi: kibuyu kidogo chenye shingo nyembamba, mrija wa tete, na kipande cha muhogo wa kuchemsha usio na chumvi wa kusafishia kinywa. Beba muhogo wako mwenyewe. Ukiomba kwa mpishi, atakupa pamoja na maharage, na baada ya maharage huonji tena, unashukuru tu. Wala usionje ukiwa na njaa. Njaa husifu kila kitu.

Kasiksi inaomba amani ya siku chache tu, na miaka ile hata hizo zilikuwa adimu. Mama Riziki angekamua leo, kesho milio ingesikika upande wa pili wa kilima, na yeye angeshuka Kitshanga kwenye kambi ya wakimbizi na godoro kichwani, huku pombe ikibaki kuchachuka peke yake bila kujua kwamba kuna vita. Akirudi angekuta mtumbwi mtupu. Hakuuliza ni kundi gani lilipita. Mara moja waliokunywa walimwachia nusu kipande cha sabuni juu ya mtumbwi uliosafishwa vizuri.

"Bale balilelewa na mama," akasema, akaenda kufua.

Njiani kwenda Pinga kila kizuizi kilikuwa na waonjaji wake, na hakuna hata mmoja aliyeanza na sikio. Tulikuwa tukibeba bidoni mbili zaidi kwa ajili yao, kama watu wengine wanavyobeba pampu. Nami lazima niseme habari ya ile iliyolipuka. Bahati, motari wetu, yaani dereva wa pikipiki, aliziba bidoni moja kwa kifuniko chake cha plastiki, akakikaza, kwa sababu majani yalimchosha. Jua likapiga. Tukasimama kwenye kizuizi, na kabla hatujasalimia, bidoni ikapasuka kwa mlio ambao sijausikia tena. Askari walilala chini. Mimi nililala chini. Bahati alikuwa wa kwanza kulala chini. Povu lilitushukia wote bila ubaguzi. Komanda wao akainua kichwa polepole.

"Nani amepiga?"

"Iko kasiksi, Komanda," nikasema nikiwa bado nimelala.

"Ya nani?"

"Ya Mama Riziki wa Burungu."

Akalamba mkono wake. Akafikiri. "Iko na nguvu," akasema, akatufungulia kamba ya kizuizi.

Sasa kesi ngumu. Ulikuwa wakati wa Kwaresima. Bahati alirudi kutoka Pinga na bidoni tupu chache kuliko kawaida, akasimama mlangoni mwa duka bila kuvua kofia.

"Papa Kambale, kule banasema pombe ya Burungu iko na sumu."

Mnunuzi mmoja, Papa Shukuru, alikuwa amekunywa kwa Mama Kavira, kisha tumbo likamtesa mpaka alfajiri. Mama Kavira alikuwa dada mkubwa wa Papa Kambale, ndiye aliyetuuzia kule. Tangu siku hiyo mabenchi yake yalikaa matupu na bidoni zilisimama pembeni bila kuguswa. Na jina la Mama Riziki lilikuwa linatajwa.

Mliozaliwa baadaye mtadhani tulihofia biashara. Mwanamke aliyeitwa mtoa sumu katika miaka ile alichomewa nyumba, na akikimbilia kambini hakuna aliyemgawia hata moto wa kuwashia. Hukumu hiyo ilisafiri kwa pikipiki kama chumvi, na kutoka Pinga hadi Burungu haikuwa mbali. Mama Riziki alikuwa ametoka tu kurudi shambani kwake baada ya kukimbia. Mara hii angekimbilia wapi, na jina lake likiwa limemtangulia?

Papa Kambale alikunja mikono. "Enda uangalie. Kama iko na kitu ndani, naacha kununua kwake, na bantu batajua sababu. Kama haiko na kitu, uniletee sababu ingine. Usirudi na mikono mitupu."

Nilianzia Burungu. Mama Riziki alikuwa ameshasikia. Alichota, akanywa funda lake, akanipa.

"Onja kama vile haunijue," akasema.

Nikaweka sikio, pua, macho, kisha ulimi. Nikasafisha kwa muhogo nikarudia. Ndizi, mtama, moshi kidogo sana, uchachu wa kukaa vizuri mashavuni. Hakuna kingine. Nikafikiri, basi ni njia. Nikapanda nyuma ya Bahati pamoja na mzigo mpya, na kila tuliposimama nikachomeka mrija nikaonja. Nilishuku bidoni kwamba zimewahi kubeba mazuti, mafuta ya dizeli. Nilishuku vizuizi, kwamba wanakunywa na kujazia maji ya mtaroni. Nilimshuku hata Bahati, akanuna vilima viwili vizima. Sikupata kitu, isipokuwa kwamba nilifika Pinga nikiwapenda watu wote duniani.

Mama Kavira alikuwa amekaa kwenye baraza lake, rozari mkononi. Ng'ambo ya barabara Papa Shukuru alikuwa ameegemea ukuta na chupa ya maji, kama mtu anayelinda maiti.

"Karibu, kaka. Ona mabenchi," Mama Kavira akasema. Akafungua bidoni mojawapo ya zile za zamani, akamimina kibuyu. Akakiinua, akafanya alama ya msalaba juu yake, polepole, na kunikabidhi.

Mkono wangu ulisimama njiani. Niliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Kichwa kilikuwa bado hakijaelewa, lakini mkono ulikuwa umekataa.

"Mama, weye haukunywe?"

"Iko Kwaresima. Niliahidi Bikira, ata tone moja hapana mpaka Paska."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya majivu."

"Na banunuzi baliona haukunywe?"

"Baone nini? Nilikuwa nabariki kila kibuyu. Baraka haitoshe?"

Nikakaa kwenye benchi. Fikirini. Uko katika mji uliojaa wageni, unamwomba mwanamke pombe. Anaishika, hainywi, anaifanyia alama ya msalaba kama padri juu ya mtu anayekata roho, kisha anakupa wewe. Ningekuwa mimi, tumbo lingeniuma kabla ya kumeza.

Nilivuka barabara kwa Papa Shukuru.

"Papa, ile siku, mbele ya kasiksi ulikula nini?"

"Samaki tu. Ya kopo."

"Kopo ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa imevimba kidogo. Lakini ile inatoka kiwandani, haiwezi kuwa na kitu. Ile ya ndizi, nani anajua bameweka nini?"

Nikarudi na kibuyu, nikasimama katikati ya barabara ambapo wote waliniona, nikanywa chote. Watu wa maduka walitoka. Hakuna aliyesogelea benchi.

"Weye unalipwa kuonja," mama mmoja muuza chumvi akasema. "Ungepewa sumu ungesema tu iko na mtama ya kutosha."

Wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana ningeweza kusema hivyo. Nikamgeukia Mama Kavira. Nikamwomba funda moja tu, Mungu ni mwelewa.

"Mungu eko muelewa," akasema. "Bikira njo anakumbuka."

Hapo nikajua kwamba hakuna mdomo hata mmoja Pinga ambao ungeweza kuisafisha pombe ile. Ilibaki mmoja, nao ulikuwa Burungu.

Nilimweleza Mama Riziki nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Mkwe wake alikuwapo, akaruka kwa hasira.

"Haendeke. Batamuua kule. Ngojeni Paska, yule mama atakunywa."

Mama Riziki alifunika mtumbwi vizuri, akaweka mawe juu ya majani. "Mpaka Paska nyumba yangu itakuwa majivu," akasema. "Nikibakia hapa, nimekubali." Akaingia ndani, akatoka amefunga kitenge cha kanisani. "Bahati, ile pikipiki yako inabeba bantu, ao bidoni tu?"

Tulikwenda watatu kwenye pikipiki moja, mimi nyuma kabisa na bidoni mpya mapajani. Kwenye kile kizuizi Komanda aliinama kuchungulia, akauliza mama huyu ni nani.

"Mama Riziki wa Burungu," Bahati akajibu.

Komanda akasimama wima. "Njo weye wa ile bomu?" Akatushushia kamba mwenyewe, na hakuomba hata funda.

Pinga walikuwa wameambiwa kwamba anakuja. Watu walisimama pande zote mbili za barabara, na baadhi ya vijana walishika mawe kana kwamba wameyaokota kwa bahati. Mama Riziki alishuka, akanyoosha kitenge, akawasalimia kwa zamu mpaka wengine wakalazimika kujibu.

"Ile bananisemea njo gani?"

Mama Kavira akamwonyesha bidoni ya zamani. Nilimvuta kando kidogo. Nilikuwa nimeinywa, nilijua imeshachacha kupita kiasi. Nikamnong'oneza achukue ile mpya, angalau asikunje uso mbele yao.

"Hapana, kaka. Hawakunisemea mupya."

Alimimina kibuyu kikajaa. Hakunywa funda. Alikinywa chote bila kukiondoa mdomoni, koo lake likipanda na kushuka, na barabara nzima ikihesabu kwa macho. Kisha akakishusha. Na uso wake ukakunjamana vibaya sana.

Kijana mmoja akainua jiwe. Mimi nikafunga macho.

"Imekufa," Mama Riziki akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile aliyotumia kuniambia habari ya mbuzi. "Sumu haiko ndani. Lakini imekufa, na nyiye njo mumeiua. Pombe ya muntu aliyetoka jasho, munaiacha kwa kona kama maji ya kunawa miguu, munakaa munaiangalia mpaka inageuka siki. Mulilelewa na nani?"

Muuza chumvi alitazama viatu vyake. Mama Riziki akakaa kwenye benchi, katikati kabisa, akaweka mikono magotini. Akakaa pale muda mrefu ili kila mtu amwone anapumua. Alipoona ametazamwa vya kutosha, akaniita nilete bidoni mpya. Akatoa majani, akaweka sikio, akatikisa kichwa kukubali. Akamimina, akanywa funda moja kama desturi, akameza wote wakimwona. Kisha akavuka barabara na kibuyu mpaka mbele ya Papa Shukuru.

Papa Shukuru alichungulia ndani. Akamtazama Mama Riziki. Akachungulia tena. Nadhani mtu huyo hajawahi kutazama kitu kwa makini namna ile, hata lile kopo la samaki. Akanywa kidogo. Akangoja. Akanywa yote.

"Ongeza," akasema kwa sauti ndogo.

"Ya pili unalipa."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine, na yule kijana akatafuta mahali pa kuweka jiwe lake. Jioni ile mabenchi hayakutosha. Mama Riziki alinywa funda la kwanza la kila kibuyu, na tulipomrudisha alikuwa anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo Bahati aliisifia kwa adabu. Mama Kavira alitunza ahadi yake. Mpaka Paska alimweka jirani yake, muuza chumvi, anywe kwa niaba yake, na huyo hakulalamika.

Nilimpelekea Papa Kambale sababu yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kwa hiyo pombe haikukuwa na kosa."

"Hapana, papa."

"Dada yangu njo alikuwa na kosa?"

Nikamwambia kwamba hilo aliulize kwa Bikira.

Miaka mingi imepita. Juzi nilipanda Burungu kumwambia Mama Riziki nimestaafu. Amezeeka, lakini mtumbwi ni ule ule. Alichota, akanywa funda lake, akanyoosha kibuyu. Nikamweleza maneno ya daktari. Mkono wake haukurudi.

"Mama, nimekuambia sitakunywa. Kwa nini umejisumbua kunywa kwanza?"

"Ile ni mambo ya mupishi. Kunywa ao kukataa ni mambo yako." Akakiweka kibuyu chini kati yetu. "Daktari alikataza na sikio?"

Nilifikiri. Sikio hakulitaja. Basi nikapiga magoti, polepole kuliko siku ile ya shati safi, nikalaza kichwa juu ya majani.

"Inasema nini?" akauliza.

"Bado inanong'ona, mama."

"Basi nyamaza uisikie."